Bibi Mweupe Hayupo

Kuna mchoro mmoja Namibia, ndani ya korongo la Tsisab, kwenye mlima ambao ramani zinauita Brandberg. Katikati ya mchoro huo anatembea mtu mwenye urefu wa sentimita 40 hivi, mfupi kuliko chupa mbili za soda zikibebana. Mkono mmoja una upinde. Mwingine una kitu ambacho wengine husema ni ua, wengine kikombe cha ganda la yai la mbuni. Miguu na mikono yake imepakwa rangi nyeupe. Kandokando yake kuna watu wengine na choroa, na baadhi ya hao choroa wana miguu ya binadamu. Dunia nzima inamjua kwa jina la Bibi Mweupe. Kuna vitabu vya Bibi Mweupe, kuna hoteli ya Bibi Mweupe, na ukimuuliza dereva yeyote pale Uis njia ya kwenda kwenye michoro, atakuuliza kwanza kama unaenda kumwona Bibi.

Si bibi. Si mweupe. Wataalamu waliomchunguza baada ya kelele za mwanzo wanasema ni mwanamume, mwindaji au mganga, aliyepaka mwili wake rangi kwa ajili ya ngoma au tambiko. Aliyemchora alikuwa mmoja wa wawindaji wa kale wa nchi ile, mababu wa watu tunaowaita Wasan, na alimchora si chini ya miaka 2,000 iliyopita. Hii si habari mpya. Haikutoka jana Twitter. Imejulikana tangu kabla mamangu hajazaliwa.

Kwa hivyo wacha nieleweke mapema: sina ugomvi na kosa. Makosa hufanywa na makosa husahihishwa. Ugomvi wangu ni na kosa ambalo limeshasahihishwa lakini bado linauzwa, kwa kiingilio, kila siku ya Mungu.

Tuanze na alivyopata hilo jina, maana hadithi yenyewe ni tamu kwa namna mbaya. Januari 1918, mpima ardhi Mjerumani aitwaye Reinhard Maack alikuwa anashuka kutoka kilele cha mlima huo, ambacho ni kirefu kuliko vyote Namibia, zaidi ya mita 2,500. Akajikinga chini ya mwamba, akaona michoro, akainakili kwenye daftari lake. Mpaka hapo sina neno. Nakala zikasafiri. Mwaka wa 1929 zikamfikia padri Mfaransa, Henri Breuil, ambaye wenzake walimwita Papa wa historia ya kale (papa wa Roma, si yule wa Lamu). Breuil akaziangalia zile nakala, akaona pua, akaona miguu meupe, akaamua kwamba huyo hawezi kuwa mtu wa Afrika. Ni mwanamke, tena wa kutoka Mediterania, tena anafanana na wanawake waliochorwa kwenye kuta za jumba la Knossos kule Krete. Alifika mwenyewe mlimani mwaka wa 1947, akakaa mbele ya ule mwamba, akaondoka na imani yake ileile. Mwaka wa 1955 akatoa kitabu kizima chenye jina la Bibi.

Ebu fikiria umbali. Kutoka Krete mpaka jangwa la Namib unavuka bahari, Sahara, msitu wa Kongo, Angola yote. Padri aliona ni rahisi kuamini kwamba kundi la Wagiriki wa kale lilitembea njia hiyo yote, bila kuacha chungu wala kaburi, kuliko kuamini kwamba mtu aliyezaliwa palepale angeweza kuchora vizuri hivyo. Na akaitwa msomi. Mimi nikiandika kitu kama hicho nitaambiwa nimevuta.

Lakini hakuwa peke yake, na hapo ndipo jambo lenyewe linaacha kuchekesha. Mwaka wa 1871 Karl Mauch alifika Zimbabwe Kuu, akaona kuta za mawe, akasema ni kazi ya Malkia wa Sheba. Mwaka wa 1910 Leo Frobenius alifika Ife, Nigeria, akaona vichwa vilivyofinyangwa kwa ustadi wa kutisha, akasema amepata Atlantis, nchi ambayo haipo. Katika miaka ya 1950 Henri Lhote, mwanafunzi wa Breuil huyohuyo, alikwenda Tassili n'Ajjer, Algeria, akakuta mchoro wa mtu mkubwa mwenye kichwa cha mviringo na akampa jina la Mungu Mkuu wa Wamarihi. Wa Marihi! Ndiyo maana leo ukifungua YouTube utakutana na jamaa wa nywele za kusimama akikueleza kwamba sanaa ya Sahara ililetwa na wageni wa kutoka angani. Hilo si wazimu wa intaneti. Lina nasaba. Sheba, Atlantis, Krete, Marihi: popote pale, mradi si hapa. Kwa Zimbabwe Kuu, mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alisema mwaka wa 1929 kwamba ni kazi ya Waafrika, na bado serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuwapa watalii ngano za Sheba kwa miongo kadhaa baadaye. Walijua kwa nini. Ukikubali kwamba mwenye nchi alijenga, utamwelezaje kwamba wewe ndiye uliyeleta ustaarabu?

Na Namibia ina sababu ya ziada ya kuwa makini na majina. Oktoba 1904 jenerali wa Kijerumani, Lothar von Trotha, alitoa amri kwamba kila Mherero atakayepatikana ndani ya mipaka ya koloni apigwe risasi. Waherero walisukumwa jangwani wafe kwa kiu. Wanama wakafuata. Wasan nao waliwindwa, na neno kuwindwa sijalitumia kama tamathali. Sasa tazama tarehe. Maack anapanda mlima miaka kumi na minne tu baada ya ile amri. Wakazi wa nchi wamepunguzwa kwa bunduki, halafu anakuja msomi kuwaondoa pia kutoka kwenye mwamba wao. Alichofanya Breuil kwa kalamu kinakaa vizuri sana juu ya kile alichofanya Trotha kwa risasi. Sisemi padri alikusudia. Nasema kiliwafaa walewale.

Nilifika huko nikiwa na siku tatu za bure baada ya warsha ya uandishi Windhoek. Sijifanyi mtaalamu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma na mimi nikagoma nayo, na ninachojua kuhusu sanaa ya miambani nimekisoma mwenyewe kwenye simu, mara nyingi nikiwa kwa foleni. Lakini macho ninayo.

Kutoka Windhoek mpaka Uis ni mwendo wa karibu saa nne, na kipande cha mwisho ni changarawe. Uis ulikuwa mji wa mgodi wa bati. Mgodi ulifungwa 1990, na ukifika leo utakutana na vijana wanaokimbilia gari wakiwa na mawe yanayong'aa viganjani, wanauza. Wengine ni wa umri wangu. Nilinunua kimoja, cha rangi ya kijani, ambacho huenda ni kioo tu lakini sijali.

Huruhusiwi kuingia korongoni peke yako. Lazima uwe na mwongozaji wa hapo, na hiyo ni sheria nzuri, nitarudi kwayo. Wetu alikuwa kijana Mdamara, mpole, kofia imemfunika nyusi. Kundi letu lilikuwa la watu watano: mimi, wazee wawili mume na mke kutoka Ulaya, na wasichana wawili wenye fimbo za kutembelea za bei ya kodi yangu ya nyumba. Tulianza mapema kwa sababu kufikia saa nne jua la pale halina mchezo. Kitu cha kwanza alichotufundisha ni jina la mlima. Wadamara wanauita Dâureb, mlima unaowaka, kwa sababu jua likizama, miamba inageuka kuwa makaa. Waherero wanauita Omukuruvaro. Alitamka jina la kwanza, akatuambia turudie, tukarudia vibaya, akacheka kwa adabu.

Ni mwendo wa kama saa moja, kidogo zaidi ukipiga picha. Unafuata kitanda cha mto usio na maji, mchanga halafu mawe, halafu mawe makubwa kama matatu iliyoegeshwa vibaya. Pimbi wanakupigia mbinja kutoka juu. Kijana alituonyesha mti ambao utomvu wake ni sumu na wawindaji waliupaka kwenye mishale, akatuonyesha nyayo na kutwambia ni za nani na zimepita lini, akasimama penye kivuli kila mara yule mzee alipoanza kuhema, bila kumwaibisha. Ni kazi ya ustadi, ile. Ningependa kusema hivyo wazi, kwa sababu maandishi mengi ya watalii humtaja mwongozaji kama vile ni sehemu ya mandhari, kati ya pimbi na jua.

Halafu tukafika. Mbele ya mwamba kuna vyuma, kama vya dirisha la duka la mtaani. Viliwekwa kwa sababu kwa miaka mingi wageni walikuwa wakimwagia mchoro maji, wengine soda, ili rangi zing'ae kwenye picha. Soma tena hiyo sentensi. Mtu ametoka bara jingine, amepanda ndege mbili, amefika mbele ya kitu kilichodumu miaka elfu mbili, akakimwagia Fanta. Tassili ilikuwa hivyohivyo: timu ya Lhote ilikuwa ikiosha michoro kwa maji kabla ya kuinakili, na mingi imefifia tangu hapo. Wale waliosema wamekuja kutuokolea sanaa yetu ndio walioifuta kwa sponji.

Mmoja wa wale wasichana akauliza, "Kwa hivyo alitoka wapi, huyu Bibi?"

Kijana akajibu vizuri. Alisema kwamba padri mmoja zamani alidhani ni Mzungu, lakini leo tunajua ni mwanamume, na ni wa hapa. Alisema kwa sauti ya mtu aliyesema hivyo mara mia sita. Msichana akatikisa kichwa, akageuka, akampigia mwenzake simulizi ya kurekodi: nipo mbele ya Bibi Mweupe, moja ya siri kubwa za Afrika. Dakika haijaisha! Maelezo sahihi yameingia sikio la kushoto na jina limeyafukuza kupitia la kulia. Hapo ndipo nilipoelewa nguvu ya jina. Mwongozaji anasahihisha kwa dakika mbili, watu watano kwa wakati mmoja. Jina linapotosha saa ishirini na nne, kwa lugha zote.

Tulipokuwa tunarudi nilibaki nyuma na yeye. Nikamuuliza, kaka, hili jina halikukeri? Akanitazama kama mtu anayepima kama swali ni la kweli au la kumtega. Akasema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba jina ndilo linaloleta gari. Watu hawaji kuona mchoro wa mwindaji. Michoro ya wawindaji iko kila mahali kwenye mlima huu. Wanakuja kwa Bibi. Ukimwondoa Bibi watapita moja kwa moja kwenda kuona tembo, na mimi nitarudi kuuza mawe barabarani.

Siwezi kuidharau hoja hiyo. Ni hoja ya mtu mwenye watoto. Nimeisikia hapa kwetu pia, kwa sauti nyingine: usiharibu soko, wape wanachotaka, mteja ni mfalme. Na ingekuwa rahisi kwangu, mtu wa kupita, kumwambia ajitoe mhanga kwa ajili ya ukweli halafu mimi nipande basi nirudi Nairobi.

Lakini hoja yenyewe ina shimo. Inadhani kwamba wageni wanafuata jina, na kwamba jina likibadilika watapotea njia. Sisi Wakenya tuna ushahidi wetu. Mwaka wa 1888 Teleki alifika kwenye ziwa letu la kaskazini akalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, kijana ambaye hakuwahi kuliona wala kulinusa. Mwaka wa 1975 likawa Ziwa Turkana. Kuna mtu aliyepotea? Kuna mtalii aliyefika Loiyangalani akarudi kwa hasira kwa sababu hakumkuta Rudolf? Australia walikuwa na mwamba wao mkubwa mwekundu ulioitwa Ayers Rock. Mwaka wa 1993 ukapewa majina mawili, mwaka wa 2002 jina la wenyeji, Uluru, likatangulia, na mwaka wa 2019 wakapiga marufuku hata kuupanda. Watu bado wanamiminika. Anayetoka Frankfurt kuona mchoro wa miaka elfu mbili hahitaji kudanganywa ili afike. Anayehitaji kudanganywa ni mwenye kuuza safari, kwa sababu uongo ni mfupi na unatosha kwenye bango.

Tena hoja inamweka kijana mahali pabaya. Yeye ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye mnyororo huo wa hoteli, magari na mawakala, na yeye ndiye anayebebeshwa kazi ya kulilinda jina kwa hofu ya njaa. Tumtoe hapo. Sheria ya kwamba lazima uingie na mwongozaji wa pale ndiyo inayomlisha, si Bibi. Sheria hiyo ibaki, iongezewe meno, na bei ya mwongozaji ipande. Kama kuna pesa ya fimbo zile, ipo pia ya huyo.

Nilirudi nikaandika. Tovuti moja ya safari ilikuwa imeniagiza makala, maneno mia nane, malipo nusu mbele na nusu baadaye. Nikatuma. Mhariri akajibu kwa furaha kubwa, isipokuwa jambo dogo: kile kipande kuhusu Breuil kitoke, kichwa kiwe cha siri ya Bibi Mweupe, na mwisho kuwe na swali la kuwaacha wasomaji wakijiuliza ni nani hasa aliyemchora. Nikamwambia hatujiulizi, tunajua. Akasema wasomaji wanapenda fumbo. Nikakataa kubadilisha, na ile nusu ya pili mpaka leo sijaiona. Ilikuwa kodi ya mwezi. Sijutii, ingawa mwenye nyumba anayo maoni tofauti.

Hilo neno fumbo nalitafuna tangu siku hiyo. Siri. Miujiza. Watu waliopotea. Ukisoma chochote kuhusu sanaa ya kale ya Afrika utayakuta, yamepangwa kama viti vya harusi. Na mara nyingi hakuna siri yoyote. Rangi nyekundu ni udongo wenye chuma, uliosagwa. Nyeusi ni makaa. Tunajua waliwinda nini, walivaa nini, walibeba nini. Kati ya 1977 na 1985 Harald Pager aliishi juu ya mlima ule pamoja na Angula Shipahu na Johannes Toivo, wakipanda kila mwamba, wakinakili mchoro baada ya mchoro kwa mkono. Walifikisha zaidi ya 40,000. Arobaini elfu! Mlima mmoja. Wamo wanaocheza ngoma, wanaotembea kwa safu na mizigo, wamo wanawake na watoto. Kuna maisha mazima pale, na dunia imechagua kumtazama mmoja tu, na huyo mmoja ikamwita kwa jina la mtu mwingine. Hata majina ya Shipahu na Toivo ni wachache wanaoyajua, na hao hawakuishi miaka 2,000 iliyopita.

Yapo mambo tusiyoyajua, ndiyo. Hatujui kwa nini choroa ana miguu ya mtu. Wengi wanahusisha michoro ya namna hiyo na ngoma za uponyaji za Wasan, ambapo mganga huzama katika hali nyingine na kujiona amegeuka mnyama, na Wasan wako hai, Namibia, Botswana, Afrika Kusini, wengine bado wanacheza ngoma hizo. Ukiwaita "waliopotea" unawazika wakiwa wanakusikia. Unaweza kumuuliza mtu. Labda atakwambia, labda atakwambia si shughuli yako. Vyote viwili ni majibu.

Sasa ngoja nije kwenu, wasee wa Nairobi, kwa sababu najua mmekuwa mkitikisa kichwa mkidhani haya ni ya Wazungu tu. Kila Jumamosi kuna mabasi yanajaa watu wa rika letu wakienda kupanda Ngong na Longonot, viatu vipya, chupa za maji za rangi, makundi ya WhatsApp yenye majina ya kishujaa. Safi. Napenda. Nimekwenda mara kadhaa. Lakini nimeuliza watu wengi katika hayo makundi kuhusu Kakapel na nikajibiwa, ati ni kilabu?

Kakapel ni mwamba, upo Busia, katika vilima vya Chelelemuk, nchi ya Wateso karibu na mpaka wa Uganda. Una michoro juu ya michoro: maumbo ya mistari na duara kutoka kwa watu wa zamani zaidi, halafu ng'ombe waliochorwa na wafugaji waliokuja baadaye, kama ukuta wa mtaani ambao kila kizazi kimeandika juu ya kingine. Ulitangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka wa 2004. Chini ya mwamba huohuo wanaakiolojia walichimba wakapata mbegu zilizoungua, na mwaka wa 2024 wakachapisha kwamba kuna kunde za miaka 2,300 hivi. Kunde, zilezile unazokula kwa ugali pale kibandani ukisema ni chakula cha wazee. Kule Mfangano, ndani ya Ziwa Victoria, kuna miduara myekundu na myeupe kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, na iliyobaki imebaki kwa sababu Wasuba waliamini mahali pale pana nguvu ya mvua na hapachezewi. Hawakuweka vyuma. Waliweka heshima, ikatosha kwa karne kadhaa, mpaka tulipofika sisi wenye chaki na kalamu za wino mzito, tukitaka kuacha jina na mwaka.

Hilo la kuandika jina kwenye mwamba sitalipamba. Mtu wa Fanta na mtu wa "Brayo alikuwa hapa" ni ndugu. Mmoja ana pasipoti nzuri zaidi, basi.

Na vyombo vyetu vya habari, vikikumbuka mahali kama hapo mara moja kwa miaka mitatu, vinaandika nini? Siri ya Kakapel. Maajabu ya Mfangano. Tumeikopa lugha ya wale waliotunyang'anya na tunailipa kwa riba. Tunazo sheria, ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakataza kuharibu vitu hivi, na sheria ni kitu kizuri, lakini hakuna askari wa kusimama kila mwamba, na kijana wa kijiji cha jirani hatalinda kitu ambacho hajawahi kuambiwa ni chake. Ukimwambia kilichorwa na watu wa ajabu wasiojulikana, kwa nini akilinde? Cha wageni hicho. Acha wenyewe waje.

Ninachotaka kwa Dâureb ni kidogo na kinawezekana. Vibao vibadilishwe, jina la mlima lianze na la wenyeji, na mchoro uitwe mwindaji, au mganga, au wapewe Wasan na Wadamara nafasi waliite watakavyo, na wakikosa kukubaliana wabishane, hayo ni mabishano yao. Jina la Bibi liwekwe ndani ya maelezo, chini, pamoja na la Breuil, kama sehemu ya historia ya jinsi watu walivyokataa kuona. Watakaokuja kwa Bibi wataikuta habari yake, na ni habari ya kusisimua kuliko fumbo.

Kwa hapa kwetu nataka basi moja. Moja tu, kati ya yale ya Jumamosi. Ratibu wa kundi langu ameniambia Busia ni mbali na hakuna picha nzuri. Nimemtumia picha. Amesema atafikiria, na ameniuliza kama tunaweza kuiita safari ya siri ya Kakapel ili watu walipe haraka. Nimemjibu hapana. Mpaka sasa tuko watu sita, basi linahitaji kumi na nne, na nauli ya kwenda na kurudi tutagawana tukijua tuko wangapi. Anayekuja alete maji ya kunywa yeye mwenyewe, na alama zake za vidole aziweke mfukoni.